Mbizi Mbili, Jina Moja: Msamiati wa Kupiga Mbizi Kwenye Ukuta wa Matumbawe wa Pemba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohusu kupiga mbizi, kwa kurejelea kuta za matumbawe zilizoko magharibi mwa kisiwa cha Pemba. Hoja kuu ni kwamba neno moja, mbizi, linabeba shughuli mbili ambazo kanuni zake za kwanza zinapingana. Anayezamia kwa pumzi yake mwenyewe hana budi kuibana. Anayezamia kwa mtungi wa hewa akiibana wakati wa kupanda huweza kupoteza maisha. Makala yanaonyesha kwamba utata huu, pamoja na utata wa maneno kina, hewa, kuibuka na kuelea, si suala la ufasaha peke yake bali ni suala la usalama. Aidha, yanabainisha kwamba hazina ya maneno ya wavuvi na mabaharia wa Pwani inatosha kuondoa sehemu kubwa ya utata huo bila ya kuazima istilahi nyingi kutoka nje.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa maana ya kupiga mbizi, hatakawia kujibu: ni kuingia chini ya maji na kukaa humo kwa muda. Kwa mazungumzo ya kila siku jibu hilo linatosha. Kijana wa Lamu anayejirusha baharini kutoka gatini, mvuvi anayechungulia mapango ya mwamba akitafuta kamba koche, na mtalii aliyejifunga mtungi mgongoni, wote hupiga mbizi. Lugha haiwatofautishi.

Bahari huwatofautisha. Wawili wa kwanza hushuka na hewa waliyoivuta juu ya maji. Wa tatu huvuta hewa akiwa chini, kutoka katika mtungi ulioshindiliwa hewa, kwa kifaa kinachompa pumzi yenye shinikizo sawa na la maji yaliyomzunguka. Kifaa cha aina hiyo kilichoenea ulimwenguni kilibuniwa nchini Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan. Hivyo basi, mbizi ya mtungi kwa kifaa hicho haijatimiza hata karne moja, ilhali mbizi ya pumzi ni ya kale mno. Wazamiaji lulu wa Ghuba ya Uajemi waliifanya kwa karne nyingi, na neno lenyewe lulu liliingia katika Kiswahili kutoka katika Kiarabu.

Shughuli mpya ilipowasili Pwani ilipewa jina la shughuli ya zamani. Jambo hilo ni la kawaida katika lugha yoyote. Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: je, jina la zamani linapohamishiwa shughuli mpya, huhama pamoja na kanuni za shughuli ya zamani? Na kama huhama, ni nani anayeumia?

Ukuta wa matumbawe umechaguliwa kuwa uwanja wa uchunguzi kwa sababu mahali hapo kosa la maana halipati pa kuegemea. Kwenye mwamba tambarare wa mita 8, anayekosea hugusa mchanga na kusimama. Ukutani hakuna mchanga wa kugusa.

2.0 Ukuta wa Pemba

Ramani ya bahari ndiyo inayoeleza kwa nini Pemba ina kuta. Kati ya Unguja na bara, maji si ya kina kikubwa. Hayafiki mita 100. Takriban miaka 20,000 iliyopita, uso wa bahari ulipokuwa chini kuliko sasa kwa kiasi cha mita 120, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Pemba haikuwa. Mlango-bahari unaoitenga na pwani ya Tanga na ya kusini mwa Kenya unafikia kina cha takriban mita 800. Kwa hiyo Pemba ilibaki kisiwa hata katika zama hizo, na upande wake wa magharibi kuna mahali ambapo mwamba, baada ya kutandaa katika maji ya mita chache, hukatika ghafla na kushuka wima kama ukuta wa ngome.

Mfano mzuri unapatikana Misali, kisiwa kidogo kilichoko magharibi mwa Chake Chake. Masimulizi ya wenyeji yanalihusisha jina hilo na neno msala, yaani mkeka wa kusalia. Husimuliwa kwamba mtakatifu mmoja, Hadhara, aliwaomba wavuvi msala. Walipokosa wa kumpa, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2005 ikawa sehemu ya Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba. Kasa na ng'amba hutaga mayai katika fukwe zake.

Anayeshuka ukutani hupitia tabaka mbalimbali. Karibu na uso wa maji kuna matumbawe magumu yanayostawi kwa mwanga, kwa kuwa ndani ya miili ya wanyama wadogo wanaoyajenga huishi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa nuru ya jua. Hapo pono humega mwamba kwa midomo yao, na vitatange huzunguka wawiliwawili. Chini zaidi nuru hupungua, na matumbawe magumu huwaachia nafasi sifongo na matumbawe laini yenye umbo la upepeo, ambayo hukinga chakula kinacholetwa na mkondo. Mkunga hutoa kichwa pangoni. Chini ya hapo kuna buluu tupu.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenga maneno matatu ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Mwamba ni umbo zima la jiwe linaloinuka kutoka sakafu ya bahari. Hilo ndilo neno la nahodha, kwa kuwa ndilo linalovunja chombo. Tumbawe ni jiwe lenyewe na, kwa matumizi ya leo, ni mnyama anayelijenga. Neno hili lina historia ya kuvutia. Kwa fundi wa Lamu au wa Unguja, matumbawe yalikuwa mali ya ujenzi: mepesi, rahisi kuchongwa yakiwa mabichi, na ya kuchomwa ili kupata chokaa. Sayansi ya bahari ndiyo iliyolipanua neno hilo likabeba kiumbe hai. Marijani nayo ni tumbawe jekundu la mapambo, na neno lake lina asili ya Kiarabu. Anayeandika kwamba watalii huzamia Pemba ili kutazama marijani amewapeleka sokoni kwa sonara, hakuwapeleka mwambani.

3.0 Kanuni Mbili Zinazopingana

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Kwa hiyo, katika mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu, katika mita 20 ni mara tatu, na katika mita 30 ni mara nne. Kanuni aliyoieleza Robert Boyle mwaka 1662 inasema kwamba ujazo wa gesi hupungua kwa kadiri shinikizo linavyoongezeka, iwapo joto halibadiliki.

Chukulia kuwa mvuvi amevuta lita 6 za hewa juu ya maji na kushuka mita 20. Kifuani mwake hewa hiyo hubanwa ikawa lita 2. Akipanda, hupanuka tena. Na afikapo juu huwa ni zilezile lita 6 alizoondoka nazo, kasoro kile ambacho mwili umetumia. Mapafu hayawezi kupasuka kwa hewa ambayo yalikwisha kuibeba. Kwake, kubana pumzi ndiyo kazi yenyewe, na sifa ya mzamiaji hodari ni kwamba ana pumzi ndefu. Hii haina maana kwamba mbizi yake haina hatari. Wengi wamezirai wakiwa karibu kufika juu kwa sababu ya kuishiwa na oksijeni. Lakini kubana pumzi hakupasui mapafu yake wakati wa kupanda.

Sasa chukulia kuwa mwenziwe mwenye mtungi amevuta lita 6 akiwa katika mita hizohizo 20. Hewa hiyo ina shinikizo mara tatu ya lile la juu. Akibana pumzi na kupanda, lita 6 zitataka kuwa lita 18. Kifua cha binadamu hakina nafasi hiyo. Mapafu huchanika, hewa huingia katika damu na kufika ubongoni. Ajali ya namna hii huweza kutokea hata katika kupanda mita chache, kwa sababu mabadiliko makubwa zaidi ya ujazo yako karibu na uso wa maji: kutoka mita 10 hadi juu, hewa huongezeka maradufu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mbizi ya mtungi, ile inayofundishwa kabla ya nyingine zote, ni kwamba mzamiaji asibane pumzi kamwe. Ilhali kanuni ya kwanza ya mbizi ya zamani ni kuibana. Shughuli zote mbili zinaitwa mbizi.

Haya si mambo ya kinadharia. Katika sehemu kadhaa za Bahari ya Hindi Magharibi, vijana waliolelewa katika mbizi ya pumzi wameingia katika kazi ya kuzamia majongoo bahari kwa mitungi ya hewa, wengine bila mafunzo yoyote. Kijana kama huyo haingii majini akiwa mtupu kichwani. Anaingia na elimu aliyorithi, elimu sahihi kabisa kwa mbizi ile nyingine. Akiambiwa tu kwamba leo atapiga mbizi kwa mtungi, lugha haijampa dalili yoyote kwamba kanuni imepinduka.

Ndiyo sababu makala haya yanapendekeza majina mawili: mbizi ya pumzi moja na mbizi ya mtungi. Jina la kwanza linabeba kanuni ndani yake. Anayelisikia anajua kwamba pumzi ni moja na haina budi kutunzwa. Jina la pili linaashiria kwamba pumzi ni nyingi na zinatoka mahali pengine. Mkufunzi akisema kwamba anayepiga mbizi ya mtungi habani pumzi, mbizi ya pumzi moja iko karibu kutajwa kwa ulinganisho, na tofauti inadhihirika.

4.0 Maneno Manne Yenye Utata

4.1 Kina

Methali husema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Baharia wa zamani hakungoja ayafike. Aliteremsha bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba, akahesabu pima, na akajua kina. Kina katika matumizi haya ni umbali kutoka uso wa maji hadi chini. Jina la bandari ya Kilindini, Mombasa, limetokana na dhana hiyohiyo: ni mahali penye kilindi, penye maji mengi.

Mzamiaji wa mtungi anahitaji kina cha aina nyingine, yaani umbali kutoka uso wa maji hadi alipo yeye. Kwenye mwamba tambarare vipimo hivyo viwili hukaribiana. Ukutani vinaachana kabisa: kina cha bahari huweza kuwa mamia ya mita, na kina cha mzamiaji kikawa 18. Maji ya Pemba mara nyingi ni maangavu, na jicho lisiloona sakafu halina cha kulinganisha. Mtu anayemfuata kasa anayeteremka huweza kupita mita 30 bila kuhisi. Kuanzia kina kama hicho naitrojeni katika hewa anayovuta huanza kumlevya. Hukumu yake hupungua, na mara nyingi hajitambui kuwa amelewa. Mafunzo ya burudani hayaruhusu kuzidi mita 40, na wanaoanza huwekewa mpaka wa mita 18. Inafaa, basi, kutenganisha kina cha bahari na kina cha mbizi.

4.2 Hewa

Magazetini na redioni husikika mara kwa mara kwamba wapigambizi walivaa mitungi ya oksijeni. Kauli hiyo ni kosa. Mtungi wa kawaida wa mzamiaji una hewa ileile inayovutwa nchi kavu, ambayo takriban asilimia 78 ni naitrojeni na asilimia 21 ni oksijeni, isipokuwa imeshindiliwa. Oksijeni tupu, ikivutwa chini ya mita 6 hivi, huweza kuwa sumu na kusababisha kifafa majini.

Kosa hili lina madhara mawili. Kwanza, huenda likamfanya mtu aamini kwamba mtungi wa oksijeni wa hospitali unaweza kutumiwa baharini. Pili, huificha naitrojeni, ambayo ndiyo chanzo cha maradhi makuu ya wazamiaji. Chini ya shinikizo, naitrojeni huyeyuka katika damu na tishu. Mzamiaji akipanda polepole, hutoka kwa njia ya pumzi. Akipanda kwa haraka, hutoka kama gesi itokavyo katika chupa ya soda iliyofunguliwa, yaani kwa viputo ndani ya mwili. Viungo huuma, ngozi huwasha, miguu hufa ganzi, na wakati mwingine mgonjwa hupooza. Tiba yake ni oksijeni na kurudishwa katika shinikizo ndani ya chumba maalumu, na vyumba hivyo ni vichache. Ugonjwa wa viputo ni jina linalofaa, kwa kuwa linataja sababu. Anayesema mtungi wa oksijeni hawezi kuueleza ugonjwa huo, maana ameifuta naitrojeni kabla ya kuanza.

4.3 Kuibuka

Kitenzi hiki kina dhana ya kutokea kwa ghafla. Jambo huibuka, mgogoro huibuka, na mzamiaji wa pumzi moja huibuka akihema. Kwake yeye ni sahihi, kwa sababu kasi humwokoa. Mzamiaji wa mtungi hatakiwi kuibuka. Anatakiwa kupanda: mafunzo mengi ya leo hutaka kasi isiyozidi takriban mita 9 kwa dakika, na asimame kwa dakika 3 katika mita 5 ili naitrojeni ipate kutoka. Kupanda ni tendo lenye hatua na muda, kama kupanda ngazi. Maelekezo yanayosema kwamba hewa ikikaribia kwisha mzamiaji aibuke, hata kama mwandishi alikusudia apande kwa utaratibu, yameficha amri ya hatari ndani ya kitenzi.

Sambamba na hilo ni tofauti ya kuzama na kuzamia. Jahazi huzama, mtu huzamia. Kiambishi -i- cha kauli ya kutendea huingiza lengo, kama katika kuzamia lulu. Mzamiaji, basi, ni mtu mwenye lengo na anayetarajia kurudi, ingawa neno hilo limepata pia maana ya anayejificha melini ili asafiri bila idhini. Muktadha huondoa utata huo, na neno mpigambizi lipo kwa anayetaka kuuepuka kabisa.

4.4 Kuelea

Kiswahili kina kuelea, yaani kukaa juu ya maji, na kuzama, yaani kwenda chini. Ustadi mkuu wa mbizi ya mtungi hauko katika lolote kati ya hayo. Ni kukaa katikati ya maji, bila kupanda wala kushuka, kwa kulinganisha uzito wa mkanda wa risasi na hewa iliyomo katika jaketi. Ukutani ustadi huu ndio uhai. Mzamiaji akiteremka kidogo, hewa iliyomo katika jaketi hubanwa na nguvu ya kumwinua hupungua, kwa hiyo huteremka zaidi na kwa kasi zaidi. Akipanda kidogo, hewa hupanuka na kumvuta juu. Kosa dogo hujikuza lenyewe pande zote mbili. Zaidi ya hayo, asiyejimudu hushika au kupiga mwamba kwa mapezi, na tumbawe lililochukua miaka mingi kukua huvunjika kwa dakika moja. Kitenzi kinachopendekezwa kwa hali hii ni kuning'inia. Popo huning'inia, taa huning'inia. Wote wamo hewani, hawako juu wala chini.

5.0 Ishara za Mkono na Makubaliano ya Maana

Aliye na kipumulio mdomoni hasemi. Isitoshe, sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kiasi kwamba masikio hayawezi kutambua inatoka upande gani. Wazamiaji hutegemea mikono.

Mhadhara wa isimu humfundisha mwanafunzi rai ya Ferdinand de Saussure, iliyochapishwa mwaka 1916, kwamba uhusiano wa ishara na maana yake ni wa nasibu na hutegemea makubaliano ya jamii. Ni vigumu kupata uthibitisho ulio bayana kuliko dole gumba. Nchi kavu, dole gumba likiinuliwa humaanisha kwamba mambo ni shwari. Chini ya maji, dole hilohilo humaanisha kupanda. Hali shwari huonyeshwa kwa kuunganisha ncha za dole gumba na kidole cha shahada ili kufanya duara, huku vidole vingine vitatu vikiwa vimenyooka. Kiganja kilichotandazwa na kutikiswa upandeupande humaanisha kuna tatizo. Mkono unaopitishwa shingoni kama kisu humaanisha hewa imekwisha.

Tuseme mwanagenzi ameulizwa na kiongozi wake ukutani, katika mita 18, kama yu salama, naye akajibu kwa dole gumba kwa mazoea ya nchi kavu. Kiongozi analazimika kuamini kwamba anaomba kupanda, na mbizi inakatizwa. Hilo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kinyume chake: mwenye hofu anayeinua dole akitaka kupanda, na mwenziwe akafurahi kwamba mambo ni shwari. Kwa sababu hiyo wazamiaji huzirudia ishara kabla ya kuteremka, na kila ishara ikitolewa hujibiwa ili kuthibitisha kwamba imeeleweka.

Rangi nazo hazitegemewi. Wekundu hufifia katika mita chache za mwanzo, halafu rangi ya chungwa, kisha manjano. Damu katika mita 20 huonekana kama kijani kilichoiva. Anayetaka mwenziwe afuate tumbawe jekundu amempa jina la kitu ambacho hakitaonekana. Vitu hutajwa kwa umbo na mahali vilipo: pango, upepeo, upande wa kushoto wa ukuta.

Makubaliano haya yote hufanywa juu ya maji, mashuani, kwa maneno. Iwapo maneno yenyewe yana utata, ishara hurithi utata huo.

6.0 Hazina Iliyopo

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Kuhusu maji yenyewe, kina utajiri ambao vitabu vya mafunzo kutoka ng'ambo haviukaribii. Anayepanga mbizi ukutani hana budi kujua mkondo utakavyokuwa, na mvuvi wa Pemba anao msamiati kamili. Bamvua ni wakati maji yanapojaa na kupwa sana, na mikondo ni mikali. Maji mafu ni wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na mikondo hutulia. Ndio wakati mwema kwa mwanagenzi. Kaskazi na kusi huamua upande gani wa kisiwa una mawimbi, na kipindi cha tanga mbili, baina ya pepo hizo, huleta utulivu. Maneno haya ni utabiri mzima uliofupishwa.

Hazina hiyo haiko Pemba peke yake. Kwa miaka mingi wavuvi wa Kipemba wamekwenda dago katika pwani ya Kenya, na wengi wakabaki. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliitambua rasmi jamii ya Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za nchi. Wazungumzaji wa Kivumba wa Wasini na Vanga nao wanaishi mkabala na mlango-bahari huohuo. Mtafiti wa Kiswahili aliyeko Kenya hahitaji kwenda mbali kuzikusanya istilahi hizi. Anahitaji kwenda kabla wazee wanaozijua hawajaondoka.

Pale lahaja na mazoea yasipotosha, uundaji wa istilahi una mifano ya kuigwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi kanieneo, inayotumika katika fizikia nchini Tanzania kwa dhana ambayo Kenya huiita shinikizo, inaonyesha njia: imeundwa kwa kani na eneo, na anayezijua sehemu zake ameijua fasili. Istilahi za mbizi zinastahili uwazi wa kiasi hicho.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, yanapendekezwa matumizi yafuatayo katika mafunzo, uandishi wa habari na tafsiri:

- mbizi ya pumzi moja na mbizi ya mtungi, badala ya mbizi pekee;
- mtungi wa hewa, na kuepuka mtungi wa oksijeni;
- kina cha bahari na kina cha mbizi, kila kimoja kwa mahali pake;
- kupanda kwa mzamiaji wa mtungi, na kuibuka kwa wa pumzi moja;
- kuning'inia kwa hali ya kukaa katikati ya maji;
- ugonjwa wa viputo na ulevi wa naitrojeni, ili jina litaje sababu.

Hakuna hata moja kati ya istilahi hizi lililo gumu kutamka, na karibu zote zimeundwa kwa maneno ambayo msemaji yeyote anayo. Kinachokosekana ni makubaliano. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na urasmi huo hauna maana kubwa kwa mzamiaji wa Shimoni iwapo karatasi ya kanuni za usalama haipo katika lugha anayoisoma, au ipo kwa maneno yanayomwambia abane pumzi pale anapotakiwa kuivuta. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuianza kazi hiyo kwa kurasa chache zilizosahihishwa na mkufunzi wa mbizi pamoja na mvuvi mzee, wote wawili wakiwa wameketi meza moja.

Maswali ya Mjadala

1. Taja vitenzi vingine vitatu vya Kiswahili ambavyo vimepewa shughuli mpya bila kubadilishwa umbo. Je, kuna yeyote anayeweza kudhurika kwa utata wake?
2. Linganisha istilahi kanieneo na shinikizo kwa kuzingatia uwazi, ufupi na mazoea ya wasemaji.
3. Andika maelekezo ya aya moja yatakayosomwa mashuani kabla ya mbizi ya mtungi ukutani, bila kutumia maneno kuzama, kuibuka wala kuelea.
4. Hoji wavuvi wawili wa umri tofauti kuhusu majina ya mikondo na nyakati za maji. Ni maneno yapi ambayo kijana hayatambui?